Nyambizi ya Kijerumani U-505: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nyambizi nyingi za Ujerumani zilizopigana Vita vya Pili vya Dunia zimelala chini ya bahari. U-505 iko Chicago, ndani ya jumba la makumbusho, ikiwa na mitambo yake na majeraha yake. Ndiyo maana inaulizwa sana, na ndiyo maana pia habari zake huchanganywa sana. Hapa chini tumejibu maswali yanayorudi mara kwa mara kuhusu utumishi wake, tangu mkuku (uti wa chini wa chombo) ulipolazwa Hamburg mwaka 1940 hadi ilipofikishwa kwenye makumbusho.

U-505 ilikuwa nyambizi ya aina gani?

Ilikuwa ya aina ya IXC, yaani nyambizi kubwa ya safari ndefu. Iliundwa na kiwanda cha Deutsche Werft, Hamburg. Mkuku ulilazwa 12 Juni 1940, ikashushwa majini 24 Mei 1941, na ikakabidhiwa jeshi la majini la Ujerumani 26 Agosti 1941.

Urefu wake ni mita 76.76 na upana mita 6.76. Ikielea juu ya maji ilikuwa na uzito wa tani 1,120. Ikizama, tani 1,232. Ilikuwa na mirija sita ya kurushia topido, minne kwenye omo (mbele) na miwili kwenye tezi (nyuma), na iliweza kubeba topido 22. Kwenye sitaha kulikuwa na mzinga wa sentimita 10.5 wa kupigia meli, na mizinga midogo ya kujikinga na ndege. Mabaharia walikuwa kati ya 48 na 60 kutegemea safari. Wote walibanana kwenye bomba la chuma ambalo nusu ya nafasi yake ilichukuliwa na injini, betri na silaha. Mwanzoni mwa safari watu walilala jirani kabisa na topido.

Usiichanganye na aina ya VII, ambayo ndiyo iliyoundwa kwa wingi zaidi. Aina ya VII ilikuwa ndogo na nyepesi kuzama, ikafaa Atlantiki ya Kaskazini. Aina ya IX ilizama polepole zaidi na ilikuwa nzito kugeuka, lakini ilifika mbali: U-505 ikienda kwa noti 10 (maili za baharini 10 kwa saa) juu ya maji ingeweza kusafiri maili za baharini 13,450 bila kuongeza mafuta. Ndiyo sababu ikapelekwa Afrika Magharibi na Karibi badala ya kuvizia misafara karibu na Uingereza.

Ingeweza kukaa chini ya maji kwa muda gani?

Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea. Hii haikuwa nyambizi ya kukaa chini kwa wiki nzima kama za leo za nyuklia. Ilikuwa chombo cha juu ya maji kilichozama pale tu ilipolazimu.

Juu ya maji ilitumia injini mbili za dizeli za MAN zenye jumla ya nguvu za farasi 4,400, na mwendo wake wa juu ulikuwa noti 18 na kidogo. Dizeli inahitaji hewa, kwa hiyo ikizama injini zilizimwa na kazi ikachukuliwa na mota mbili za umeme zenye jumla ya nguvu za farasi 1,000 zilizokula umeme wa betri. Chini ya maji ilifikia kama noti 7, lakini kwa mwendo huo betri ziliisha haraka. Kwa mwendo wa noti 4 ilimudu maili 63 tu. Piga hesabu: ni kama saa 16. Baada ya hapo lazima ipande juu, iwashe dizeli na kuchaji betri, iwe kuna adui au hakuna.

Ukishika jambo hili moja, utaelewa kwa nini ndege ndizo zilizozivunja nguvu nyambizi hizi. Meli ya adui ingeweza kukwepwa usiku. Ndege yenye rada ilizifuata zikiwa juu, saa ileile zilipokuwa lazima ziwe juu.

Iliongozwa na nani?

Makamanda walikuwa wanne:

- Axel-Olaf Loewe, kuanzia Agosti 1941 hadi Septemba 1942.
- Peter Zschech, kuanzia Septemba 1942 hadi kifo chake 24 Oktoba 1943.
- Paul Meyer, ofisa wa zamu aliyeirudisha nyambizi bandarini baada ya kifo hicho, hadi 7 Novemba 1943.
- Harald Lange, kuanzia Novemba 1943 hadi ilipokamatwa 4 Juni 1944.

Baada ya mafunzo kwenye Bahari ya Baltiki iliondoka Kiel 19 Januari 1942 na kufika Lorient, Ufaransa, 3 Februari. Hapo ndipo palipokuwa makao yake chini ya kikosi cha pili cha nyambizi.

Ilizamisha meli ngapi?

Nane, zenye jumla ya tani 44,962:

- Benmohr (Uingereza), 5 Machi 1942
- Sydhav (Norwei, meli ya mafuta), 6 Machi 1942
- West Irmo (Marekani), 3 Aprili 1942
- Alphacca (Uholanzi), 4 Aprili 1942
- Sea Thrush (Marekani), 28 Juni 1942
- Thomas McKean (Marekani), 29 Juni 1942
- Roamar (Kolombia, jahazi la tani 110), 22 Julai 1942
- Ocean Justice (Uingereza), 7 Novemba 1942

Zitazame tarehe. Zote nane zimo ndani ya miezi minane ya mwaka mmoja. Kuanzia Novemba 1942 hadi ilipokamatwa, miezi 19 ilipita bila kuzamisha hata meli moja. Vitabu vingi hutupia lawama zote mabegani mwa Zschech, lakini tunaona hilo si haki. Mwaka 1943 Atlantiki ilibadilika kwa nyambizi zote za Ujerumani: kulikuwa na ndege nyingi zaidi, rada bora zaidi, vyombo vya kunasa mwelekeo wa redio, na manowari ndogo za kubeba ndege katikati ya bahari. Kamanda hodari angeweza kuongeza meli moja au mbili, lakini asingeirudisha bahari ya 1942.

Hizo tani ni uzito wa meli?

Hapana. Tani za orodha hiyo ni kipimo cha ujazo wa meli ya biashara, na tani moja ni futi za ujazo 100, yaani mita za ujazo 2.83. Tani 1,120 za nyambizi yenyewe ni uzito. Kwa hiyo usiseme U-505 ilizamisha vyombo vya uzito mara 40 ya wake. Hizo ni hesabu mbili zisizolingana, na kosa hili limejaa kwenye makala za mitandaoni.

Ilifanya nini Afrika?

Safari yake ya pili ilianza Lorient 11 Februari 1942 na kuisha 7 Mei, siku 86, na uwanja wake ulikuwa maji ya Freetown na Ghuba ya Guinea. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulikuwa bandari ambako meli zilikusanywa kabla ya kupelekwa Uingereza kwa misafara. Meli zilizotoka Rasi ya Tumaini Jema, Amerika ya Kusini na hata Bahari ya Hindi zilipita hapo. Kuvizia njia ya kuingilia Freetown kulikuwa sawa na kukaa mlangoni mwa soko.

Benmohr ilizamishwa katika maji hayo, na mabaharia wake wote waliokolewa na ndege ya Sunderland ya Waingereza inayotua majini. West Irmo haikuwa na bahati hiyo. Mbali na mabaharia wake ilikuwa imechukua makuli wa Kiafrika wa kupakia na kupakua mizigo kwenye bandari za pwani, na watu 10 waliokufa walikuwa wote makuli hao. Orodha nyingi za U-505 huandika jina la meli na tani zake, basi. Vifo vya makuli wale ni sehemu ya historia ya nyambizi hii sawa na vitendo vya makamanda wake.

Kwa nini Loewe aliondolewa?

Aliugua. Safari ya tatu, 7 Juni hadi 25 Agosti 1942, ilikuwa ya Karibi. Ilizamisha meli mbili za Marekani kwa siku mbili mfululizo. Ya pili, Thomas McKean, ilikuwa kwenye safari yake ya kwanza tangu kuundwa. Ikafuata Roamar, jahazi la Kolombia. Loewe alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, nyambizi ikarudi, na nafasi yake ikachukuliwa na Zschech, ofisa kijana. Mabaharia wengine waliamini kuzamisha jahazi lile dogo ndiko kulikowaletea nuksi.

Nini hasa kilitokea 10 Novemba 1942?

Mashariki ya Trinidad, siku tatu baada ya kuizamisha Ocean Justice, U-505 ilikuwa juu ya maji ilipovamiwa na ndege ya Hudson ya kikosi cha 53 cha jeshi la anga la Uingereza. Rubani wake, Ronald Sillcock wa Australia, alishuka chini mno. Bomu moja lilipiga sitaha moja kwa moja nyuma ya mnara na kulipuka papo hapo. Mlipuko ukaiangusha ndege yenyewe, na wote waliokuwemo wakafa.

Madhara kwa nyambizi yalikuwa makubwa. Mzinga wa nyuma wa kupigia ndege uling'olewa ukatumbukia baharini, sitaha ya mbao ikasambaratika, bodi nzito ya ndani ikapasuka juu ya chumba cha injini na maji yakaanza kuingia. Ofisa wa zamu, Stolzenburg, alijeruhiwa vibaya. Zschech alitaka nyambizi iachwe, lakini mafundi wakasisitiza kwamba inaweza kuokolewa.

Walikuwa sahihi. Ukarabati ulichukua karibu wiki mbili baharini, kwa kuziba na kuchomelea nyufa, kufufua pampu na kurudisha injini kidogokidogo. Tatizo lililobaki ni kwamba bodi iliyopasuka haihimili kina, na nyambizi isiyoweza kuzama sawasawa haina ngao nyingine. Walikutana na U-462, nyambizi ya kusambaza mafuta, wakamkabidhi majeruhi na kupata dawa, kisha wakajikongoja hadi Lorient na kufika 12 Desemba. U-505 hutajwa sana kuwa nyambizi ya Ujerumani iliyorudi bandarini ikiwa imeumia kuliko nyingine zote.

Kwa nini mwaka 1943 ilitoka na kurudi, kutoka na kurudi?

Matengenezo yalichukua miezi sita. Ilitoka 1 Julai 1943 na ikarudi tarehe 13. Ikajaribu tena mara tatu mwezi Agosti, kila mara ikarudi ndani ya siku moja au mbili. Ikatoka 18 Septemba, ikarudi tarehe 30.

Sababu kubwa ilikuwa hujuma. Bandari ya Lorient iliendeshwa na Wajerumani, lakini mafundi wengi walikuwa Wafaransa ambao nchi yao ilikuwa imekaliwa. Walijua wafanye nini na wakifanye wapi ili kasoro isionekane bandarini, ijitokeze tu nyambizi ikienda kina. Maungio ya kuchomelea yalifanywa dhaifu, yakalia na kuvuja chini ya mgandamizo wa maji. Tangi moja la dizeli lilikutwa limetobolewa tundu lenye unene wa kalamu. Tundu dogo kama hilo halimalizi mafuta, ila linaacha mstari wa mafuta juu ya maji, na rubani wa ndege hahitaji ishara nyingine.

Mambo hayo yaliwaathiri mabaharia kuliko mabomu. Wakati huo Ghuba ya Biscay ilikuwa inameza nyambizi nyingi, nao walikuwa wanarudi wazima kila mara. Wenzao bandarini wakawafanyia dhihaka kwamba kamanda wao ndiye pekee mwenye hakika ya kurudi.

Ni kweli kamanda wake alijiua ndani ya nyambizi?

Ndiyo. Jioni ya 24 Oktoba 1943, mashariki ya visiwa vya Azores, manowari za Uingereza ziliinasa U-505 na kuanza kuiangushia mabomu ya kina, yale yanayozama na kulipuka yakifika kina kilichopangwa. Katikati ya mashambulizi, mbele ya watu wake kwenye chumba cha uongozi, Zschech alijipiga risasi kichwani.

Meyer, ofisa wa zamu, alichukua uongozi wakati mabomu yangali yanashuka. Aliitoa nyambizi kwenye mtego na kuifikisha Lorient 7 Novemba. Wakuu wake hawakumlaumu kwa lolote.

Lange aliifanyia nini?

Harald Lange alikuwa mtu mzima kuliko makamanda wengi wa wakati huo na aliwatuliza watu. Alitoka Siku ya Krismasi 1943. Tarehe 28 Desemba kulitokea pambano la manowari kwenye Ghuba ya Biscay, Waingereza wakazizamisha Z27, T25 na T26 za Ujerumani. U-505 ilitumwa kuokoa watu, ikaokota zaidi ya 30 wa T25 kwenye bahari chafu ya baridi, na kuwafikisha Brest 2 Januari 1944.

Kutoka Brest iliondoka 16 Machi 1944 kurudi Afrika Magharibi. Siku 81 baharini, hakuna meli iliyozamishwa. Ilikuwa njiani kurudi nyumbani ilipokutana na Wamarekani.

Ilikamatwaje, hatua kwa hatua?

Kikosi cha 22.3 cha jeshi la majini la Marekani kiliondoka Norfolk 15 Mei 1944. Kiongozi wake alikuwa Daniel V. Gallery, kamanda wa USS Guadalcanal, manowari ndogo ya kubeba ndege. Pamoja nayo kulikuwa na manowari tano za kusindikiza: Pillsbury, Pope, Flaherty, Chatelain na Jenks. Gallery alikuwa amepanga kabla ya kuondoka kwamba wakiibua nyambizi hawataimaliza, wataipanda. Vikundi vya kupanda viliteuliwa mapema kwenye kila manowari. Taarifa za kijasusi kutoka Washington ziliwapa eneo la kutafuta.

Jumapili 4 Juni 1944, saa 5:09 asubuhi, kama maili 150 kutoka pwani ya Rio de Oro, Sahara Magharibi ya leo, Chatelain ilipata mwangwi kwenye sona (chombo cha kutafuta vitu majini kwa sauti) umbali wa yadi 800 tu. Ilikuwa karibu mno kwa mabomu ya kina, kwani yasingewahi kuzama hadi kwenye nyambizi kabla manowari haijapita. Ikarusha kwanza mabomu madogo yanayorushwa mbele ya manowari, yakakosa. Ndege mbili za Wildcat zikaiona nyambizi ndani ya maji, zikapiga risasi baharini kuonyesha mahali ilipo. Chatelain ikageuka na kuangusha mabomu ya kina. Mafuta yakatanda juu ya maji. Tangu shambulio la kwanza hadi nyambizi kuibuka hazikupita dakika saba.

Mabomu yalizima taa, yakaingiza maji nyuma na kukwamisha usukani upande wa kulia. Lange aliamini nyambizi imekwisha, akaamuru ipandishwe na iachwe. Alipotoka mnarani alijeruhiwa kwa risasi, na baadaye alipoteza mguu. Gottfried Fischer aliuawa kwenye sitaha, Mjerumani pekee aliyekufa siku hiyo. Wengine 58 walitolewa majini.

Nyambizi tupu ikaendelea kuzunguka duara kuelekea kulia kwa mwendo wa kama noti 7, injini zikiwa zinafanya kazi. Boti ya Pillsbury yenye watu wanane ikaikimbiza kwa kukata ndani ya duara, ikaifikia. Luteni Albert David akateremka mnarani wa kwanza, akifuatwa na Arthur Knispel na Stanley Wdowiak, bila kujua kama chini kuna mtu mwenye bunduki au bomu lenye saa.

Kwa nini haikuzama? Wajerumani hawakufungua valvu?

Walianza, hawakumaliza. Kuzamisha nyambizi kwa makusudi kunahitaji kazi kadhaa zifanyike: kufungua matundu ya matangi ya kuzamia, kuruhusu maji ndani ya bodi, na kutega mabomu ya kuivunja. Watu walitoka kwa haraka wakiamini inazama yenyewe. Mabomu hayakuwashwa. Chombo kimoja tu kilifunguliwa sawasawa, chujio la maji ya bahari, na kifuniko chake kikatupwa kando.

Zenon Lukosius aliusikia mkondo wa maji, akakikuta kifuniko sakafuni, akakirudisha mahali pake na kukaza nati zake. Wengine wakakata nyaya za mabomu. Ushindi wote ulitegemea kifuniko kile. Kingetupwa baharini badala ya sakafuni, U-505 ingekuwa chini leo.

Injini zilipozimwa kukazuka tatizo jipya. Mwendo ndio uliokuwa ukiibeba tezi, na nyambizi iliposimama tezi ikaanza kuzama. Ilibidi ikokotwe mara moja.

Waliikokota vipi hadi Bermuda?

Pillsbury ilijaribu kwanza kusogea ubavuni. Pezi la mbele la nyambizi likatoboa bodi yake, vyumba vikajaa maji, ikalazimika kujiondoa. Guadalcanal yenyewe ikachukua kamba. Usiku kamba ya chuma ikakatika, asubuhi ikafungwa nene zaidi. Usukani uliokwama uliivuta nyambizi pembeni, mpaka Gallery mwenyewe alipoingia chumba cha topido cha nyuma, baada ya kukagua mlango uliohofiwa kutegwa bomu, wakaunyoosha kwa gurudumu la mkono.

Kazi ya kiufundi ilikuwa ya Earl Trosino, mhandisi wa Guadalcanal, ambaye hakuwahi kutumika kwenye nyambizi. Alitambaa chini ya sakafu kwenye maji yenye mafuta akifuatilia mabomba hadi akaelewa lipi linaenda wapi. Betri zilikuwa zimeisha, na bila umeme pampu hazifanyi kazi. Suluhisho lake lilikuwa hili:

1. Ondoa klachi inayounganisha dizeli na mota.
2. Acha mota zikiwa zimeungana na mihimili ya rafadha (panga zinazosukuma chombo).
3. Omba Guadalcanal iongeze mwendo. Maji yanazungusha rafadha, rafadha zinazungusha mota, na mota zinageuka kuwa jenereta.
4. Betri zikishachaji, endesha pampu za nyambizi na mashine zake za kushindilia hewa, utoe maji na kuinua tezi.

Baada ya siku tatu kamba ilikabidhiwa kwa USS Abnaki, meli ya kukokota. Walifika Bermuda 19 Juni 1944 baada ya maili za baharini 1,700. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1815 jeshi la majini la Marekani kukamata manowari ya adui kwenye bahari kuu.

David alipewa Nishani ya Heshima, lakini alifariki Septemba 1945 kabla ya kuipokea. Nishani ilikabidhiwa kwa mjane wake. Knispel na Wdowiak walipata Msalaba wa Jeshi la Majini.

Kama Waingereza walikuwa tayari wanasoma Enigma, kulikuwa na faida gani?

Faida ya muda na ya usahihi. Ndani kulikuwa na mashine mbili za Enigma, yaani mashine ambazo Wajerumani walitumia kuandika ujumbe kwa mafumbo, vitabu vya siri vya wakati huohuo, majedwali ya ujumbe mfupi, na ufunguo wa kufumbua miraba ya ramani ambayo Wajerumani walitumia kutaja mahali. Kuvunja mafumbo kwa hesabu kulichukua saa au siku. Ukiwa na ufunguo wa mwezi, unasoma papo hapo, na mitambo ya kuvunjia mafumbo inaachiwa kazi nyingine. Kulikuwa pia na topido za T5 zinazofuata sauti ya rafadha, ambazo wahandisi wa Marekani walizichambua.

Hatari nayo ilikuwa kubwa. Siku mbili baadaye, 6 Juni, majeshi yalitua Normandy. Ujerumani ingejua vitabu vimetekwa, ingebadili kila kitu. Mkuu wa jeshi la majini la Marekani, Ernest King, alikasirika sana kwa kamari aliyoicheza Gallery.

Siri ilitunzwaje?

Mabaharia wapatao 3,000 wa kikosi waliapishwa kunyamaza, na wakanyamaza. Nyambizi ilipewa jina la kuficha, Nemo. Mateka walipelekwa kambi ya Ruston, Louisiana, wakatengwa na mateka wengine, na Msalaba Mwekundu haukuruhusiwa kuwafikia. Familia zao Ujerumani ziliambiwa wamekufa. Walirejea makwao baada ya vita. Kuwaficha mateka dhidi ya Msalaba Mwekundu kulikiuka mkataba wa Geneva, na ni vizuri jambo hilo lisemwe waziwazi pamoja na sifa za ushujaa.

Je, nyambizi za Ujerumani zilifika pwani ya Afrika Mashariki?

U-505 haikufika, ila ndugu zake wakubwa wa aina ya IXD2 walifika. Maarufu zaidi ni U-852 ya Heinz-Wilhelm Eck. Mwezi Machi 1944 iliizamisha meli ya Kigiriki Peleus kwenye Atlantiki ya Kusini, kisha Eck akaamuru mabaki yapigwe risasi ili ndege zisiyaone, huku manusura wakiwa wameyashikilia. Watatu tu waliokoka. Mwanzoni mwa Mei ndege za Wellington kutoka Aden ziliiharibu, ikapandishwa ufukweni Somalia na watu wake wakatekwa. Eck na maofisa wawili walihukumiwa na kupigwa risasi Hamburg 30 Novemba 1945.

Ilifikaje Chicago?

Baada ya vita ilipangwa itumike kama shabaha ya mazoezi. John Gallery, padri na ndugu wa Daniel Gallery, aliwasiliana na Lenox Lohr wa Makumbusho ya Sayansi na Viwanda, zikachangwa dola 250,000. Mwaka 1954 ilikokotwa kupitia mto St. Lawrence na Maziwa Makuu, ikavushwa barabara ya kando ya ziwa usiku wa Septemba, na kuzinduliwa tarehe 25 mwezi huohuo. Karibu kila kifaa kinachong'oleka kilikuwa kimeng'olewa. Lohr aliwaandikia watengenezaji wa asili Ujerumani, nao wakaleta vipuri bila malipo.

Kwa miaka 50 ilikaa nje, na majira ya baridi ya Chicago yakaila. Mwaka 2004 ikateremshwa kwenye ukumbi wa chini ya ardhi uliofunguliwa 2005.

Naweza kuingia ndani? Nitazame nini?

Ndiyo, kwa ziara yenye kiongozi, ambayo tiketi yake ni tofauti na ya kuingilia makumbusho. Milango ni ya mviringo na ya chini, kwa hiyo mtu mwenye shida ya magoti ajiandae. Kwa nje, zunguka hadi kwenye tezi utazame rafadha mbili na usukani, upate picha ya kazi ya Trosino. Kisha kagua ubavu wa mnara na sitaha ya nyuma, ambako matundu ya risasi za 1944 bado yanaonekana. Ukiingia, ulizia chumba cha uongozi na mahali lilipokuwa chujio la maji. Wageni wengi hukimbilia mirija ya topido na kulipita bila kuliona.